Mafuriko na maisha ya watu wa bonde la Tana: maswali tunayoulizwa kila msimu hapa Nairobi

Kwetu ni karibu na Garsen, kwenye delta ya mto Tana, lakini riziki imeniweka Nairobi, Mukuru kwa Reuben, mwaka wa 13 sasa. Tuna chama kidogo cha watu wa nyumbani, tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mvua zikianza tu, maswali ni yale yale: kazini, kwenye matatu, hata kutoka kwa watoto wetu wenyewe waliozaliwa huku na wasioujua mto wa babu zao. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengine yana jibu refu, mengine fupi.

Delta ya Tana iko mbali. Inanihusu nini mimi mtu wa Nairobi?

Fungua mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililojengwa kwenye mto Thika, na Thika ni mtoto wa Tana. Maji ya Sasumua nayo ni ya upande huo huo wa Aberdare. Sasa washa taa. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa 5 ya stima yanayofuatana kama ngazi, yote yako kwenye Tana. Mto huo unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unaipa Nairobi maji na stima, kisha unateremka karibu kilomita 1,000 ukipita Garissa, Hola na Garsen mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Lolote unalofanyiwa huko juu, kwetu hufika.

Kabla ya kuingia baharini, mto hutawanyika: mikono ya maji, maziwa madogo, mbuga za nyasi, misitu ya kandokando, halafu mikoko. Hekta 163,600 za eneo hilo ziliingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani yake wanaishi wakulima na wavuvi wa Kipokomo, wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, na wengine wengi waliofika kwa nyakati tofauti.

Kwa nini watu wanaishi mahali panapofurika? Si wahame tu?

Hili huniuma kuliko maswali yote, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ameshaamua kwamba wazee wetu hawakuwa na akili.

Mvua yetu wenyewe ni haba. Ukipanda juu kidogo tu kutoka bondeni, unakuta nchi kavu ya miba. Sisi tunalima kwa mvua iliyonyesha Nyeri na Meru. Mto ulikuwa ukijaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na karibu na Novemba, ukatoka kitandani mwake, ukalala mashambani kwa muda, kisha ukarudi. Ukirudi uliacha tope jeusi ambalo halikuhitaji mbolea ya dukani. Uliacha samaki, kwa maana kambare na perege huzaliana kwenye maji yaliyotanda mbugani, si kwenye mkondo unaokimbia. Uliacha nyasi ambazo ng'ombe wa mbali walizifuata wakati wa kiangazi. Mwaka ambao mto haukujaa ndio uliokuwa mwaka wa njaa.

Na watu walijua namna ya kuupokea. Bibi yangu alikuwa na kijiti cha mkoma, kimechongwa ncha, kimekaa kando ya mlango kama jembe au kinu. Mto ukianza kupanda, jioni alikwenda nacho akakichomeka pale hasa maji yalipoishia. Alfajiri, akienda kuteka, alikitazama. Kama maji yamekipita upana wa vidole vinne alisema, "Bado yuko njiani." Kama yamekipita urefu wa mkono, alirudi na ndoo tupu, akatuma mtoto mmoja apandishe mbegu uchagani na mwingine akawaite wajomba wasogeze mtumbwi. Kutoka siku hiyo kulikuwa na siku 5, wakati mwingine 6. Zilitosha kuvuna kilichokomaa, kuhamisha kuku na mbuzi, kumbeba mgonjwa.

Siku hizi kijiti kikichomekwa jioni, asubuhi kimeshafunikwa na maji. Yote ninayoyaeleza chini yanarudi hapo. Mafuriko watu wa bonde wanayajua. Walichonyang'anywa ni muda.

Kuhusu kuhama: wengi wamehama, tena mara kadhaa. Vijiji vimesogea sehemu za juu baada ya maji makubwa. Lakini nyumba ikikaa juu, shamba linabaki chini, na mtu atashuka tu kulifuata. Wengine tulihama kabisa tukaja Nairobi. Mimi nyumba niliyoimudu kodi yake iko hatua chache kutoka mto Ngong.

Mafuriko ya kawaida na mafuriko ya ghafla yana tofauti gani?

Ni mwendo. Mafuriko ya mto mkubwa hupanda kwa siku nyingi na hukaa kwa wiki. Mafuriko ya ghafla huja ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa, kwa nguvu inayobeba magari na mawe, na huondoka haraka vile vile.

Kwetu hayo ya ghafla huja kwa laga. Laga ni mkondo mkavu. Miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira, lori linakata katikati. Mvua ikinyesha mbali, mahali ambapo wewe hata wingu hulioni, laga huteremsha maji ghafla. Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa karibu na Bangale, Kaunti ya Tana River. Bahati nzuri abiria wote 51 waliokolewa. Mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 29, maji yaliyokuwa yamezuiwa nyuma ya tuta la reli huko Mai Mahiu yalipasua njia usiku yakaua makumi ya watu. Mai Mahiu si ardhi oevu na si kwetu, lakini naitaja kwa sababu watu hudhani maji huua kwa kina chake. Maji ya ghafla huua kwa kasi. Yakikufika magotini, tayari yanaweza kukuangusha.

Delta hupata yote mawili. Mwaka mbaya ni ule ambao laga zinafunguka siku zile zile ambazo mto mkuu nao umejaa. Maji ya laga yanakosa pa kuingia, yanarudi vijijini kwa upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Haya ni mabadiliko ya tabianchi kweli, au ni mvua tu kama za zamani?

Mvua kubwa zilikuwepo. Wazee wanazikumbuka za 1961, na sisi wa rika langu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Kuna pia jambo linaloitwa Daipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya bahari upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za Oktoba hadi Desemba huongezeka sana huku kwetu. Ilitokea 2019. Ikatokea tena 2023, mara hii pamoja na El Niño.

Kilichobadilika ni kwamba mambo hayo sasa yanatokea juu ya dunia yenye joto zaidi. Hewa ikiongezeka nyuzi 1 ya selisiasi, hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo lazima ushuke mahali. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walizichunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Pembe ya Afrika wakaona kwamba joto lililoletwa na binadamu liliziongezea ukubwa hadi mara 2. Kenya nzima hutoa sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 1, ya gesijoto za dunia. Mkulima wa delta anayekwenda shamba kwa miguu na mtumbwi sijui mchango wake utapimwa kwa mizani gani.

Mbona juzi tu mlikuwa mnalia ukame?

Ndiyo, na ni tatizo lile lile. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu 5 mfululizo. Ng'ombe walikufa, nyasi zikaisha, ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Mvua za 2023 zilipokuja, udongo ule haukuweza kunywa. Maji yaliteremka yote kwa pamoja. Mfugaji aliyekuwa amebakiwa na mbuzi 10 kutoka kwenye 60 akapoteza na wale 10 kwa maji.

Tunasikia mabwawa ndiyo yanayowafurikia. Ni kweli?

Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu inayokosekana ni muhimu zaidi.

Bwawa likiwa na nafasi, huzuia maji. Mvua ndogo na za wastani humezwa huko juu. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilikamilika 1981, na tangu mabwawa yawepo mafuriko yale ya kawaida, yale mema ya kila mwaka, yamepungua. Tope jema nalo limepungua, kwa sababu hutulia chini ya bwawa badala ya kufika shambani kwetu. Halafu mwaka wa mvua kubwa mabwawa hujaa, na bwawa likishajaa halizuii tena. Maji linayoyapokea ndiyo linayoyapitisha. Ndivyo ilivyokuwa 2018 na 2024.

Kwa hiyo mtu wa chini anapata miaka kadhaa ya mto uliotulia, anajenga karibu, analima karibu, watoto wanakua bila kuona maji makubwa, kisha siku moja mto wote unakuja. Hilo ndilo linalotuumiza. Tunachoomba sisi ni taarifa zinazofika hadi kijijini kwa lugha inayoeleweka, si tangazo la Nairobi linalosema "wakazi wa maeneo ya chini wahamie sehemu salama" bila kusema maji yatafika lini na yatafika wapi. Kutoka mabwawani hadi Garsen maji huchukua siku kadhaa. Siku hizo ni zile zile za kijiti cha bibi. Zikitumika vizuri, tunarudishiwa muda wetu.

Mvua inayofurika Nairobi ndiyo inayowafikia?

Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Mto Nairobi, Mathare na Ngong huingia Athi, Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Sisi tuko mto mwingine.

Lakini Nairobi ni mji uliojengwa juu ya maji yake. Jina lenyewe ni la Kimaasai, *Enkare Nairobi*, maji baridi. Na reli ilipofika hapa 1899 palikuwa penye majimaji. Kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, kinachoulisha mto Nairobi, bado kipo. Vingi vingine vimejazwa kifusi na kujengwa. Maji yakikosa mahali pa kupumzika, hutafuta mlango wa mtu.

Usiku mmoja wa Aprili 2024 walipita kwangu. Nasema walipita kwa sababu bibi alitufundisha kuyataja maji kama wageni. Yalianza kwa kuingia chini ya mlango, meusi, yananuka dizeli na choo. Nilipandisha godoro juu ya meza na mtungi wa gesi juu ya godoro, nikatoka na jirani yangu tumembeba mtoto wake, yeye mguu huu, mimi mguu huu. Maji ya Tana hunuka udongo, na ukishika kiganja chake unaona chembe zinang'aa. Haya hayakuacha kitu ila taka na kikohozi. Wiki chache baadaye nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mto zilibomolewa kwa amri ya serikali, na majirani zangu wengi sijui walikokwenda.

Maji yakishapungua, maisha si hurudi kama kawaida?

Kamera huondoka maji yanapopungua. Kazi ndiyo huanza hapo.

Hebu fikiria shamba siku ya kwanza ya kurudi. Unatia mguu, tope linakushika hadi kwenye kifundo. Mahindi yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, yananuka uchachu. Migomba imeshikilia, lakini ukisukuma kwa kidole shina linaanguka, limeoza ndani. Mwembe uliopandwa na babu unaonekana mzima. Majani yake yataanza kunyauka baada ya wiki, kwa kuwa mizizi ilikosa hewa muda mrefu, na mwembe mwingine utachukua miaka 5 hivi kuzaa vizuri. Watu wa mjini huhesabu magunia ya mahindi yaliyopotea. Hawahesabu miembe, na maembe ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo.

Na bado tope lile lina uhai. Likianza kupasuka, kabla halijakauka kabisa, lina unyevu wa kutosha kukuza mazao bila tone la mvua. Wazee walikuwa wakipanda nyuma ya maji: maji yanarudi hatua moja, mbegu inaingia hatua moja. Pojo, ambazo huku bara mnaziita ndengu, hukomaa kwa siku 60 hadi 75. Mahindi ya muda mfupi nayo huwahi. Ukikosa siku zile chache, tope huwa tofali, na msimu umekwisha.

Sasa mama aliyepoteza nyumba atapata wapi mbegu ndani ya siku hizo? Ya kwake ilikuwa kwenye mtungi, na mtungi umekwenda na maji. Ya dukani iko Malindi, na barabara imekatika. Anasubiri. Akija kupata, tope limekauka. Mwaka unaofuata mtasikia kuna njaa Tana, na mtaambiwa ni ya ukame.

Kuna mahali pengine maji huacha mchanga mweupe badala ya tope. Hapo hakuna la kufanya kwa miaka.

Na wafugaji?

Kwao bonde ni akiba ya kiangazi. Njia za mifugo kwenda mtoni, malka, zilijulikana na kuheshimiwa. Maji yakikaa muda mrefu kuliko desturi, mifugo hubanwa sehemu za juu pamoja na watu, pamoja na mashamba mapya yaliyofunguliwa huko kwa kuogopa mafuriko. Ukame ukija, ng'ombe hushuka wengi na mapema. Pande zote mbili kalenda imevurugika, na kalenda hiyo ndiyo ilikuwa mkataba.

Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta, Wapokomo na Waorma. Nilikuwa Nairobi, nikisubiri simu. Siasa ya uchaguzi ilikuwa na mkono wake, na ardhi pia. Sitaki mtu aniambie kwamba tabianchi ndiyo iliyoshika panga, lakini ninajua mto ulipokuwa na mpangilio, wazee wa pande zote walikuwa na la kukubaliana.

Magonjwa gani huja baada ya maji?

Kipindupindu kwanza, kwa sababu vyoo na visima vimekuwa kitu kimoja. Maji yote ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Malaria hufuata wiki chache baadaye. Nyoka nao wanatafuta mahali pakavu kama wewe, kwa hiyo usiingize mkono kwenye rundo la kuni bila kulitikisa.

Lililo geni kwa watu wa mjini ni Homa ya Bonde la Ufa. Mbu wanaoibeba hutaga mayai kwenye udongo wa mabondeni, na mayai hayo huweza kukaa miaka ya ukame yakisubiri. Mafuriko yakija, huanguliwa. Mlipuko wa 1997 na 1998 na ule wa 2006 na 2007 yote ilifuata mvua kubwa. Ukiona kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja, usichinje, usile nyamafu, usinywe maziwa mabichi. Toa habari kwa daktari wa mifugo.

Chumvi inaingiaje shambani?

Kutoka baharini. Maji matamu ya mto yakipungua, bahari hupanda nayo hupenya ndani kupitia mikono ya delta. Watu wa Ozi na Kipini wamepoteza mpunga na visima kwa njia hii. Ni jambo la kimya, halina picha.

Kwa nini serikali isijenge tuta tu?

Tuta husaidia. Muulize mtu wa Budalang'i, naye atakueleza upande wa pili. Kule mto Nzoia uliwekewa matuta kabla haujaingia Ziwa Victoria. Mto uliobanwa kati ya matuta mawili huacha mchanga wake humo humo, kitanda chake kinapanda mwaka hadi mwaka, na mwishowe maji yanapita juu kuliko mashamba ya kando. Tuta likipasuka, kama lilivyopasuka 2003, 2011 na 2020, maji huanguka mashambani kwa nguvu, kisha tuta lile lile linayazuia yasirudi mtoni. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi kupita kiwango cha 1964, likasukuma maji nyuma. Watu waliishi juu ya tuta kwa miezi. Palikuwa ndipo pakavu.

Kwetu, mradi mkubwa wa mpunga wa delta ulikuwa na tuta lake. El Niño ya 1997 na 1998 ililivunja.

Mimi sipingi tuta linalolinda shule au zahanati. Napinga tuta linaloahidi kwamba mto hautatoka tena. Utatoka.

Kuna watu wengine duniani wanaoishi namna hii?

Wengi. Wanaofanana nasi zaidi, kwa nilivyosoma, ni wakulima wa nyanda za chini za kaskazini mashariki mwa Bangladesh, wanazoziita *haor*. Nusu ya mwaka ni kama bahari, watu husafiri kwa mashua; maji yakishuka hupanda mpunga mmoja tu wa mwaka, unaoitwa boro, na kuuvuna Aprili na Mei. Juu yao kuna milima ya Meghalaya nchini India, ambako kuna Cherrapunji, miongoni mwa mahali panaponyesha sana duniani. Mvua ikishuka huko, maji hufika mashambani ghafla.

Mwaka 2017 yalifika mwishoni mwa Machi, mpunga ukiwa haujakomaa. Wiki chache tu, na chakula cha mwaka mzima kikaoza shambani. Wao hujenga matuta mafupi ya udongo yanayokusudiwa kuzuia maji mpaka mavuno tu, kisha hufunikwa na maji na kuacha samaki wapite. Pia wanatafuta mpunga unaokomaa mapema ili wavune kabla ya mgeni kufika. Niliposoma hivyo nilimpigia mjomba simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza mbegu hiyo inachukua siku ngapi.

Nataka kusaidia. Nitume nini, na nitume lini?

Asante, na tafadhali soma jibu hili hadi mwisho.

Mwaka 2018 chama chetu kilichanga tukatuma marobota 3 ya nguo. Zilifika, watu wakashukuru. Mama mmoja, rafiki wa mamangu, akanivuta pembeni nilipokwenda nyumbani: "Mwanangu, nguo ninazo. Mbegu ndiyo sina." Tangu siku hiyo tumebadilisha.

Pesa ya mapema ina thamani kuliko pesa ya machozi. Shilingi 2,000 iliyofika siku 4 kabla ya maji hukodi mkokoteni wa punda au mtumbwi, na familia inatoka na godoro, sufuria, mbegu na vitabu vya watoto. Pesa hiyo hiyo ikifika baada ya maji hununua sufuria moja. Tena wakala wa M-Pesa huishiwa na pesa taslimu siku za mafuriko, mtandao hukatika, na simu hazina chaji. Pesa unaiona kwenye simu na huwezi kuila. Taa ndogo ya sola yenye kuchaji simu ni zawadi bora ya kiangazi.

Tunanunua pia mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Pipa likiwa na mbegu ndani na kufungwa kwa kamba kwenye mti huelea, linangoja. Ni bei ndogo kwa msimu mzima.

Maji yakiwa yamejaa, waachie kazi hiyo wenye boti na dawa, Msalaba Mwekundu na serikali ya kaunti, uwachangie wao. Usijaze lori ukaenda mwenyewe. Barabara ya Garissa hukatika pale Mororo na Madogo, na ile ya Malindi hadi Lamu hukatika pia, na wewe utakuwa mtu mmoja zaidi wa kuokolewa.

Kisha weka nusu ya mchango wako kando, usiuguse. Nusu hiyo ni ya wiki ambayo maji yanarudi. Hapo nunua mbegu za pojo, mahindi ya muda mfupi, vipando vya mihogo, majembe, na baadaye miche ya miembe. Hakuna atakayekupigia picha. Wakati huo kundi la WhatsApp huwa limekwisha kunyamaza na watu wanazungumzia mambo mengine.

Taarifa za mapema nitazipata wapi?

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na hutoa tahadhari za siku chache. Redio za Pwani husoma kwa Kiswahili na kwa lugha za huko. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya dharura, 1199.

Na usikilize habari za mabwawa, hata kama unaishi Kayole au Kawangware na hujawahi kuuona mto wenyewe. Ukisikia Masinga limejaa, usingoje kuona picha. Mpigie mtu wako wa Garsen jioni hiyo hiyo.